Mizani, Mhuri na Namba ya Siri

Pale Mpondwe, Uganda, kabla ya kuvuka Mto Lhubiriha kuingia Kasindi, Congo, wabadilisha fedha huipokea noti ya dola kwa vidole kwanza, macho baadaye. Ukucha wa kidole gumba hupita juu ya bega la Benjamin Franklin ukitafuta mikwaruzo ambayo noti halali huwa nayo. Kisha noti huinuliwa juani ili uzi na sura iliyofichwa ndani ya karatasi vionekane. Mwisho hukaguliwa kingo zote nne, kwa sababu upande wa Congo dola yenye mchaniko mdogo hukataliwa hata kama ni ya kweli. Yote hayo hayazidi pumzi mbili tatu. Anayefanya kazi hiyo hajiiti mtaalamu wa usalama wa chochote, lakini anachokifanya ni uthibitishaji kamili: hatua zaidi ya moja, kila moja ikipima kitu tofauti, ili mghushi aliyeifaulu ya kwanza anaswe kwenye ya pili. Naanzia hapo kwa sababu siku hizi vijana wengi wa Kasese na Bwera wanauliza jinsi ya kujifunza usalama wa mtandao na kuufanya kazi ya maisha, na jibu wanalopewa huwa ni jina la kozi, jina la cheti na nauli ya basi la Kampala. Nadhani jibu hilo linaruka jambo kubwa. Kulinda ushahidi wa mali wakati mwenye mali hayupo ni kazi kongwe katika mpaka huu, na historia yake inafundisha mahali ambapo wizi hutokea, somo ambalo kozi nyingi hulifikia mwishoni, kama hulifikia.

Tuanze na chumvi. Ziwa Katwe limelisha biashara ya eneo hili kwa karne nyingi, na chumvi yake ilivuka kwenda Congo kabla mpaka wenyewe haujachorwa. Mwingereza Lugard alipofika mwaka 1891 alijenga Fort George kando ya ziwa hilo, akijua kwamba aliyeishika Katwe ameushika mfuko wa mfalme Kabalega wa Bunyoro. Kwa mtu anayefikiria usalama, chumvi ina sifa moja ya pekee: inajithibitisha. Mnunuzi anaionja, anaitazama weupe wake, anaupima mzigo kwa mkono, na biashara imekwisha hapo hapo. Unaweza kuporwa chumvi njiani, lakini ni vigumu kudanganywa kuhusu chumvi iliyo ulimini mwako.

Pamba ilivunja utaratibu huo. Mkulima wa tambarare za Kasese aliyebeba gunia lake hadi kituo cha kununulia hakuweza kujua uzito wake bila mizani, na mizani haikuwa yake. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, thamani ya jasho lake ilipokaa ndani ya kifaa kinachoendeshwa na mtu mwingine na kusomwa na mtu mwingine, kisha kuandikwa kwenye karatasi ambayo pengine yeye hakuweza kuisoma. Kote Uganda, malalamiko kuhusu mizani iliyopindwa na bei za wachambuaji pamba yaliwasha moto wa kisiasa. Yalikuwa sehemu ya hasira iliyolipuka Buganda mwaka 1945 na tena 1949, na katikati ya miaka hiyo, 1946, serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya vyama vya ushirika. Kwa Kasese, matunda ya njia hiyo yalikuja kuwa Chama cha Ushirika cha Wakulima cha Nyakatonzi. Tunazoea kueleza ushirika kama historia ya siasa au ya uchumi. Mimi nauona pia kama hatua ya usalama: wakulima waliona kwamba kumpiga karani hakusaidii, na kwamba dawa ni kuwa na mizani yao, na mtu wao akiitazama inaposomwa. Waliubadilisha muundo wa biashara ili mtu mmoja asishike peke yake kipimo, kalamu na sanduku la fedha. Wakaguzi wa mifumo ya kompyuta wana kanuni hiyo hiyo, mgawanyo wa majukumu, na wanaifundisha kana kwamba ilizaliwa benki.

Reli ilipofika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, ushahidi ulizidi kwenda mbali na macho. Shaba iliyotoka mlimani ilisafiri hadi mtambo wa kuyeyushia wa Jinja, na kilichounganisha ncha hizo mbili kilikuwa hati ya mzigo. Wafanyakazi walikuja kutoka pande nyingi, wakazungumza Kiswahili migodini na kwenye mabehewa, na majina yao yakaishi kwenye orodha za mishahara. Kwa miaka isiyozidi 30, hadi uchimbaji ulipokufa mwanzoni mwa miaka ya 1980, mji mzima ulijifunza kuishi kwa karatasi.

Kisha karatasi ikasaliti. Sipiti haraka hapa, kwa maana miaka ya magendo ndiyo iliyoifunza Bwera zaidi ya miaka mingine yote. Baridi kali ya mwaka 1975 iliunguza mibuni ya Brazil, bei ya kahawa duniani ikapaa, na Bodi ya Kahawa ya Uganda ikaendelea kumlipa mkulima sehemu ndogo ya bei hiyo. Mara nyingine, badala ya fedha, vyama vilimpa hati ya ahadi: kikaratasi kinachosema utalipwa. Kahawa ya milimani ikaanza kuteremka usiku kwa njia za panya kwenda Zaire, kama Congo ilivyoitwa wakati huo. Tunaweza kubishana kuhusu uhalifu wa jambo hilo, na sheria ya wakati huo ilikuwa na adhabu nzito, lakini tuangalie hesabu aliyokuwa akiipiga mkulima. Alilinganisha ushahidi wa aina mbili wa malipo, hati yenye mhuri wa serikali na noti ya Zaire mkononi, akaona mhuri hauaminiki. Na noti aliyoiamini nayo ikamgeuka. Mwishoni mwa Desemba 1979, Rais Mobutu wa Zaire alitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazitumiki tena, na watu wakapewa siku chache tu za kuzibadilisha. Aliyekuwa upande wa Uganda na mfuko wa noti hizo alikuwa ameshika karatasi ya kuwashia moto. Zaidi ya miaka saba baadaye, Mei 1987, zamu ikawa ya Uganda: sifuri mbili zilikatwa kwenye shilingi, na juu yake serikali ikachukua asilimia 30 ya fedha zilizobadilishwa.

Mwanafunzi wa usalama wa mtandao akifika kwenye somo la vyeti vya kidijitali, ataambiwa kwamba cheti kina thamani kwa sababu kuna mamlaka iliyokitoa, na kwamba mamlaka hiyo inaweza kukibatilisha wakati wowote. Wengi huliona somo hilo kuwa gumu na kavu. Mtoto wa Bwera asilione hivyo. Babu yake alishawahi kushika cheti kilichobatilishwa, kikiwa kimefungwa kwenye ncha ya kanga ya nyanya yake.

Kuna upande mwingine wa ushahidi ambao mpaka huu umeulipia kwa damu, nao ni ushahidi wa mtu ni nani. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1910 uliwagawa Wakonzo na Wanande, watu wenye lugha moja na majina yale yale, kati ya Waingereza na Wabelgiji. Tangu hapo, kumtambua mtu kwa jina, sura au lafudhi hapa Mpondwe kumekuwa kazi isiyowezekana. Kwa miaka mingi mwanamume alijitambulisha kwa tiketi ya kodi ya kichwa, karatasi iliyotengenezwa kukusanya ushuru na ambayo kwenye vizuizi vya barabarani iligeuka kuwa kitambulisho, hadi kodi hiyo ilipoondolewa mwaka 2005. Pengine alibeba barua ya mwenyekiti wa baraza la mtaa (LC), yenye mhuri ambao fundi yeyote wa mihuri mjini angeweza kuuchonga. Waasi wa ADF walipoivamia Mpondwe tarehe 13 Novemba 1996, vita vikaanza vilivyodumu miaka, na swali la huyu ni nani halikuwa tena la karani wa forodha peke yake. Karatasi moja ilibebeshwa kazi ambayo haikuumbwa kuifanya. Wahandisi wa mifumo wanarudia kosa hilo kila mahali leo: namba ya simu iliyotengenezwa ili watu waongee imefanywa kuwa kitambulisho, ufunguo wa akaunti na shahidi wa mkopo, yote kwa pamoja. Uandikishaji wa vitambulisho vya taifa ulioanza mwaka 2014, na agizo la 2017 la kuhakiki laini za simu kwa vitambulisho hivyo, vilipunguza pengo moja na kuongeza uzito kwenye kamba ile ile.

Hivyo ndivyo tunavyofika kwenye simu. MTN Uganda ilizindua huduma ya kutuma fedha kwa simu Machi 2009, na katika miaka michache kibanda cha rangi ya njano kikawa benki ya Bwera. Thamani sasa haina hata karatasi. Ni ujumbe kwenye kioo, na kinachoilinda ni tarakimu chache. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ikaja mwaka 2011, na kesi zikafuata. Mwaka 2013 kitengo cha Mahakama Kuu kinachoshughulikia ufisadi kiliwatia hatiani watu walioingia bila idhini katika mifumo ya kompyuta ya Mamlaka ya Mapato, URA, katika udanganyifu uliogusa kodi za magari. Mwaka mmoja kabla ya hapo iliripotiwa kwamba mabilioni ya shilingi yaliibwa ndani ya kampuni ya simu, kutoka akaunti maalumu zilimowekwa fedha zilizotumwa kimakosa, na walioshukiwa walikuwa wafanyakazi wenyewe. Oktoba 2020 benki ya Stanbic, MTN na Airtel zilitoa tamko la pamoja kuhusu tatizo kwenye mfumo unaounganisha benki na simu. Mlango uliotumika ulikuwa wa kampuni ya kati, Pegasus, inayopitisha malipo baina yao. Mwishoni mwa 2024 Waziri wa Nchi wa Fedha alikiri bungeni kwamba akaunti za Benki Kuu zimeingiliwa, magazeti yakitaja shilingi bilioni 62. Wengi walidhani ni wadukuzi wa ng'ambo. Mapema 2025 walioshtakiwa walikuwa maofisa wa Wizara ya Fedha. Kushtakiwa si kutiwa hatiani, na sitaki kumhukumu mtu kabla ya mahakama, lakini mwelekeo wa uchunguzi wenyewe unasema kitu.

Unasema kwamba kila ushahidi unapohama kutoka kwenye macho ya mwenye mali, wizi nao huhama na kukaa kwa yule anayesimama katikati. Kwenye pamba alikuwa mwenye mizani, kwenye kahawa bodi na hati zake, na leo ni mfanyakazi mwenye ruhusa kubwa kuliko kazi yake, kampuni inayounganisha mifumo miwili bila kumilikiwa na wowote, au wakala anayetajiwa namba ya siri na mzee asiyesoma. Mchawi wa kompyuta anayevunja kufuli kwa hesabu ngumu yupo duniani, lakini katika matukio haya yote hatumkuti. Kwa hiyo nashikilia kwamba anayetaka kuianza kazi hii Kasese aanze kwa kujifunza kuchora njia ya ushahidi: fedha imetoka wapi, imepita kwa nani, nani anaandika, nani anasoma alichoandika mwenzake, na nani anaweza kufuta. Akiweza kuichora njia hiyo kwa gunia la kahawa kutoka Kyarumba hadi ghalani, ataweza kuichora kwa pakiti ya data.

Najua litakaloulizwa kwanza na mtu wa ufundi, na ana haki ya kuuliza. Historia haiwezi kusoma kumbukumbu za seva. Kampuni haitamwajiri kijana kwa sababu anajua habari za magendo. Inataka anayejua mitandao, Linux, usimbaji na lugha moja au mbili za programu. Nakubali bila kupunguza neno. Hakuna mkato kwenye mambo hayo, na anayeahidi mkato ni tapeli mwingine tu. Lakini zana hizo zimekuwa rahisi kufikika kuliko wakati wowote. Wireshark, programu ya kuchunguza mtandao, haiuzwi, Linux haiuzwi, Cisco ina masomo ya utangulizi ya bure, na kompyuta iliyokwisha kutumika inatosha kujenga maabara ya nyumbani. Kisichopatikana bure ni uamuzi wa wapi pa kuelekeza zana hizo. Anayezijua zana pekee huweka ulinzi mkali kwenye lango la mtandao, huku mhasibu mmoja akiwa na uwezo wa kuandika malipo na kuyaidhinisha mwenyewe.

Pingamizi la pili ni la mahali. Umeme hukatika, data ni ghali, ajira ziko Kampala. Kuna uchungu katika hili, maana Kasese imezalisha umeme tangu Kilembe ilipojenga mtambo wake wa Mto Mubuku, na imeongeza mitambo mingine tangu hapo, lakini waya zinapita juu ya nyumba nyingi bila kushuka. Tena mtandao wenyewe umewahi kuzimwa kwa amri: mitandao ya kijamii ilifungwa siku ya uchaguzi wa Februari 2016, na Januari 2021 intaneti yote ya nchi ilizimwa kwa siku kadhaa, biashara ya mpakani ikiwa ndani yake. Hata hivyo sikubali kwamba wilaya haina pa kuanzia. Somo la kompyuta la ngazi ya chini limekuwamo katika kidato cha tano na sita tangu 2012, na mfuko wa Tume ya Mawasiliano umepeleka maabara za kompyuta katika shule nyingi za sekondari nchini. Kuhusu ajira, tazama Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Inamtaka kila anayekusanya taarifa za watu ajiandikishe na azilinde. Hospitali ya Bwera inakusanya taarifa za watu. Bukonzo Joint inayokopesha na kununua kahawa inakusanya. Zinakusanya shule, vyama vya akiba na mawakala wa forodha wa Mpondwe, na tangu Congo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 karatasi zinazovuka daraja lile zinahitaji mtu anayezielewa katika nchi zote mbili, kwa Kiswahili na kwa Lhukonzo. Wataalamu wengi wa Kampala hawana lugha hizo zote mbili. Kazi ipo, ambacho hakijakuwapo ni taasisi ndogo kuona kwamba inahitaji kulipia kazi hiyo kabla ya kuibiwa, na kulibadilisha hilo kutachukua muda na ubishi.

La tatu ni zito kuliko yote: ukimfundisha kijana asiye na ajira jinsi mifumo inavyovunjwa, umemfundisha wizi. Wazazi huliuliza, na si swali la kijinga. Jibu langu ni kwamba utapeli hausubiri shule. Ujumbe wa uongo unaosema umepokea fedha, ukifuatwa na simu ya mtu anayelia kwamba amekosea namba na anaomba umrudishie, haukutungwa na mhitimu wa chuo. Anayefundishwa ipasavyo hufundishwa mwanzoni kabisa kwamba kugusa mfumo wa mtu bila idhini ya maandishi ni kosa chini ya sheria ya 2011, hata kama nia yake ni njema, na kwamba mazoezi hufanywa kwenye mashine yako mwenyewe. Ni haki pia kusema kwamba sheria hiyo hiyo imetumika dhidi ya waliotoa maoni zaidi ya ilivyostahili. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu chake cha 25 kilichohusu maneno ya kuudhi. Mlinzi anayeanza kazi ajue anasimama kwenye sheria yenye historia hiyo, ili siku akiagizwa kumsaka mkosoaji badala ya mwizi ajue tofauti.

Nirudi kwenye kibanda cha wakala, maana ndipo kazi ya kwanza ilipo. Juu ya kaunta kuna daftari la shule lililochorwa mistari kwa rula: tarehe, jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, kiasi, sahihi. Kalamu imefungwa kwa uzi ili isipotee. Daftari lenyewe halijafungwa na chochote. Anayesubiri zamu anaweza kusoma kwamba mwalimu fulani ametoa laki tatu asubuhi ile, akakariri namba yake, na jioni akampigia akijitambulisha kuwa mfanyakazi wa kampuni ya simu. Hakuna programu itakayoizuia simu hiyo. Kinachohitajika ni mtu wa kuuliza kwa nini safu zote sita zinaonekana na wote, ipi ingeweza kuandikwa tarakimu za mwisho tu, ukurasa ufunikwe na nini, daftari lililojaa lihifadhiwe wapi na lichomwe lini, kisha ayaandike majibu hayo kwa lugha ambayo wakala ataisoma na kuyatekeleza bila kurefusha foleni ya wateja wake. Kijana wa Bwera anaweza kuifanya kazi hiyo wiki hii, kwa kibali cha wakala, na bila intaneti.